Shimo Lisilofunikwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 21:28–34, Kum. 22:8, Mwa. 2:14, 15, Eze. 34:17–19, Lk. 10:25–37, Rum. 13:1–10.

Fungu la Kukariri: Kutoka 21:33, 34. Darasa zima lisome kwa sauti kutoka katika Biblia.

Siku ya Ijumaa, katika nyumba nyingi za waumini, kazi huanza mapema. Nguo zinafuliwa, chakula cha Sabato kinapikwa, sakafu inapigwa deki, uwanja unafagiliwa. Kabla jua halijazama, taka zimekwisha kukusanywa kwenye pembe ya uwanja na kuchomwa moto, au zimefungwa kwenye mfuko kusubiri mkokoteni. Nyumba ni safi, na Sabato inapokelewa kwa wimbo.

Lakini ndani ya lundo lile mna vitu ambavyo moto hauvimalizi, na ambavyo mkokoteni hauvipeleki mahali salama. Mna betri za redio zilizokwisha, balbu ya kubana matumizi iliyopasuka, vidonge vilivyopitwa na muda, sindano za mgonjwa wa kisukari, kopo la dawa ya mende na chupa ya dawa ya kunyunyizia nyanya. Hizi huitwa taka hatarishi, kwa sababu zinaweza kuua, kuunguza, kulipuka au kutia sumu hata baada ya mwenyewe kumaliza kuzitumia.

Somo la juma hili linauliza swali moja: je, kitu kinaacha kuwa cha mtu pale anapokitupa? Kwa desturi jibu ni ndiyo. Kilichotupwa hakina mwenyewe. Anayekiokota ni chake. Torati inatoa jibu jingine, na jibu hilo linamhusu kila mwenye nyumba.

JUMAPILI
Mwenye Shimo

Soma Kutoka 21:33, 34. Ni watu gani wawili wanaotajwa kuwa wanaweza kuwajibika? Fungu linasema nini kuhusu nia yao?

Sheria hii inataja mtu aliyechimba shimo na mtu aliyefunua shimo lililokuwapo tayari. Wote wawili wanahesabiwa sawa. Mnyama wa jirani akitumbukia na kufa, mwenye shimo analipa. Fungu halisemi lolote juu ya nia. Inawezekana mtu huyo alichimba kwa sababu njema kabisa, labda alitafuta maji au alitaka mahali pa kuhifadhi nafaka. Kuchimba hakuhesabiwi kuwa kosa. Kosa lake ni kuondoka akiliacha shimo wazi.

Vilevile sheria haimruhusu ajitetee kwa kusema kwamba punda alipaswa kuchungwa vizuri zaidi. Ng'ombe na punda hawajui kusoma hatari. Anayejua kwamba shimo lipo ni yule aliyelichimba, na ujuzi huo ndio unaomfunga. Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika mafungu ya juu kidogo, Kutoka 21:28, 29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe alikwisha kuonywa, hukumu inabadilika kabisa. Kujua kunaongeza wajibu.

Linganisha na Kumbukumbu la Torati 22:8. Sheria hiyo inadai hatua gani, na inaidai kabla au baada ya ajali?

Anayejenga nyumba mpya anatakiwa kuzungushia dari ukingo kabla mtu yeyote hajaanguka. Halazimiki kujua ni nani atakayepanda huko. Anaweza kuwa mgeni, mtoto wa jirani au fundi. Inatosha kujua kwamba mtu anaweza kuanguka.

Watu wa vijijini wanaielewa sheria hii bila kufundishwa. Mtu akichimba shimo la choo na kuliacha wazi usiku, majirani hawangoji mbuzi atumbukie ndipo waseme. Wanamgongea mlango jioni ileile. Hakuna anayemwuliza kama alikuwa na nia mbaya.

Taka hatarishi ni shimo la namna hii. Mwenye chupa ya sumu ndiye anayejua kilichomo. Akiitupa ikiwa na mabaki, amewaachia watu wasiojua shimo lililo wazi.

JUMATATU
Miiba na Vioo

Mafundisho ya walimu wa Kiyahudi yaliyokusanywa katika Talmudi yana sehemu iitwayo Bava Kamma, inayoendeleza sheria ya shimo kwa kirefu. Humo walimu wanajadili jambo la nyumbani kabisa: mtu afanye nini na miiba na vioo vilivyovunjika? Wanaeleza kwamba wacha Mungu wa zamani walivifukia katika mashamba yao wenyewe, kwa kina cha upana wa viganja vitatu, ili jembe la kulimia lisivifikie. Mwalimu mmoja, Rav Sheshet, alivichoma moto. Mwingine, Rava, alivitupa katika mto Tigris, ule ambao Mwanzo 2:14 inauita Hidekeli.

Kufukia, kuchoma, kutupa mtoni. Njia hizo tatu ndizo zinazotumika hadi leo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Kwa mwiba zilitosha, kwa kuwa mwiba ukiungua umekwisha. Kioo kilichofukiwa hakitoi sumu. Lakini vitu vya leo vina tabia nyingine.

Madini ya risasi yaliyomo katika betri ya gari hayaozi. Yakifukiwa yanabaki, na maji ya mvua yanaweza kuyasogeza hadi kwenye mboga au kisima. Kopo la dawa ya kupuliza likitiwa motoni linaweza kulipuka, na betri ya simu vivyo hivyo. Plastiki inayoungua hutoa moshi wenye sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama au mtoto anayesimamia moto ule. Nao mto haupotezi kitu, unakihamisha tu.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilimwaga maji machafu yenye zebaki katika ghuba. Zebaki ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia katika miili ya wavuvi na jamaa zao. Mwaka 1956 ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kusema, na watoto walizaliwa wakiwa wameathirika hata pale mama zao walipoonekana wazima. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la mji huo.

Kwa hiyo msomaji wa leo haigi njia za walimu wale wa zamani. Cha kuiga kwao ni swali lililowatangulia: jembe la nani litapita hapa baadaye?

Soma Mwanzo 2:15. Kuna tofauti gani kati ya kuilima bustani na kuitunza? Je, mtu anaweza kufanya la kwanza bila la pili?

JUMANNE
Safari ya Betri Moja

Fikiria familia iliyonunua betri ya sola. Kwa miaka michache imewasha taa, watoto wamesoma usiku, simu zimechajiwa. Sasa betri imekufa. Anapita mnunuzi wa vyuma chakavu, anaipima kwa mzani wake wa kuning'iniza, analipa na kuondoka nayo. Familia imepata fedha ya daftari. Nyumbani kumebaki safi. Hakuna aliyevunja amri yoyote anayoifahamu.

Lakini safari ya betri haijaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ndani yake mna tindikali. Ikiangukia mikononi mwa mtu asiye na vifaa, ataipasua kwa shoka, atamwaga tindikali chini na kuyeyusha risasi kwenye moto wa mkaa. Vumbi lake linatua juu ya nguo, vyombo na mchanga wanamochezea watoto. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Madhara yake kwa ubongo hayarudi nyuma.

Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar, Senegal, betri chakavu zilivunjwa kwa miaka mingi katikati ya makazi. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi walianza kuchekecha udongo wenye risasi ili wauze. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa.

Karibu zaidi ni Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Mombasa. Hapo kiwanda kiliyeyusha betri chakavu kandokando ya nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi kiwandani hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi mwilini. Alianza kudai haki kwa ajili ya mtaa mzima. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ilipingwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha.

Walioshtakiwa walikuwa kampuni na taasisi za serikali zilizopaswa kuzuia madhara hayo. Ilikuwa haki wao wajibu. Hata hivyo, kila betri iliyoingia katika tanuru lile iliwahi kuwa na mwenyewe. Iliwasha gari la mtu au iliangaza sebule ya mtu. Wenyewe hao hawakuitwa mahakamani, wala haingewezekana kuwaita. Mkono wa sheria ya nchi unaishia mahali fulani. Swali la dhamiri linaanzia papo hapo.

Soma Ezekieli 34:17–19. Kondoo wanaokemewa walikuwa na haki ya kunywa maji. Basi kosa lao lilikuwa nini?

Ezekieli anawakemea kondoo waliokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, hata wengine wakalazimika kunywa tope. Familia ilikuwa na haki ya mwanga. Jambo linaloulizwa ni nani anakunywa yale yaliyobaki baada ya mwanga huo kuzimika.

JUMATANO
Visingizio Viwili

Kisingizio cha kwanza husema: "Changu ni kidogo." Kuna ukweli ndani yake. Balbu moja ya kubana matumizi ina miligramu chache tu za zebaki, na betri moja ya saa haitaharibu mji. Lakini dampo halipokei balbu ya mtu mmoja. Linapokea balbu za mji mzima, na kila mmoja alisema yake ni ndogo. Tena, kwa yule anayeguswa moja kwa moja, kidogo kinatosha. Sindano moja humchoma mzoa taka mmoja. Betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ikimezwa na mtoto inaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa chache.

Soma Luka 10:25–37. Mwanasheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu aligeuzaje swali hilo?

Mzoa taka na mwokota chupa ni majirani wasioonekana. Wanaufungua kwa mikono mitupu mfuko ambao mwenye nyumba aliufunga bila kuwafikiria. Hawakuchagua kukutana naye, kama vile aliyelala njiani hakuchagua ni nani atakayepita.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi: "Hakuna pa kupeleka." Katika wilaya nyingi mwananchi hana kituo cha karibu cha kupokelea taka hatarishi za nyumbani. Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama na pia wajibu wa kuyalinda. Kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021 zinataka anayekusanya au kusafirisha taka hizo awe na kibali. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayodai taka zitenganishwe tangu nyumbani. Lakini mama aliye kilomita 60 kutoka makao makuu ya wilaya, mwenye chupa tatu za dawa ya mahindi, afanyeje?

Hapa ni lazima kusema kwa uadilifu. Hawezi kudaiwa asichokuwa nacho. Watengenezaji na waagizaji wanaofaidika na bidhaa hizi, pamoja na mamlaka zinazoziruhusu, wanabeba sehemu kubwa ya wajibu, na ni haki kuwadai. Lakini sheria ya shimo haikumdai mtu alijaze shimo kwa mawe. Ilimdai alifunike. Kati ya kutupa ovyo na kuteketeza katika mtambo wa kisasa kuna mengi yaliyo ndani ya uwezo wa mtu maskini. Anaweza kutenga, kufunga, kuweka alama, kuweka mbali na watoto, kuuliza na kungoja.

Soma Warumi 13:1–10. Kwa nini Paulo anaunganisha utii kwa mamlaka na deni la upendo katika sura moja?

Utii unaweza kutimizwa kwa kuogopa faini. Paulo anaendelea hadi kwenye upendo, usiomfanyia jirani ubaya hata pale ambapo hakuna ofisa wa kukagua.

ALHAMISI
Kufunika Shimo

Yafuatayo yako ndani ya uwezo wa nyumba nyingi.

Dawa za mimea na wadudu. Nunua kiasi kitakachokwisha. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu kwa maji, na kila mara maji hayo yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia yakatumike shambani. Kisha itoboe, ili mtu asije akaichotea maji, mafuta ya taa au mafuta ya kula. Usiichome wala usiioshe mtoni. Mwulize muuza pembejeo au afisa ugani inakopokelewa.

Dawa za binadamu. Usizitupe chooni wala kwenye sinki. Mwulize mfamasia au zahanati kama wanapokea zilizopitwa na muda. Kama hawapokei, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na majivu au udongo ili mtu asitamani kuzitumia, zifunge kwenye kopo na kuzitia katika taka zinazozolewa. Sindano ziwekwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko na kurudishwa kituo cha afya.

Betri. Betri ya gari au ya sola ibaki nzima, imesimama wima, haijapasuliwa. Maduka mengi ya betri hupokea ya zamani mteja anaponunua mpya. Hiyo ni njia bora kuliko mzani wa njiani. Mwulize anayeinunua inakopelekwa. Betri za simu na redio zikusanywe kwenye kopo kavu, ncha zake zikifunikwa kwa selotepu.

Balbu zenye zebaki. Ikipasuka, fungua madirisha, watoe watoto, ngoja kama dakika kumi. Okota vipande kwa karatasi ngumu, pangusa kwa kitambaa kibichi, tia vyote katika chupa yenye mfuniko. Usitumie ufagio.

Oili chafu, rangi na dawa za usafi. Oili irudishwe gereji katika dumu lake, isimwagwe mtaroni. Rangi na petroli zisihamishiwe kwenye chupa za soda, kwa kuwa mtoto huijua chupa kabla hajajua kusoma. Dawa ya klorini isichanganywe na tindikali ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Kanisa linaweza kusaidia, lakini kwa utaratibu. Nia njema haiondoi hitaji la kibali. Kabla ya kutangaza siku ya kukusanya, wazee wa kanisa wazungumze na afisa mazingira wa halmashauri. Wajue nani mwenye kibali atakayezichukua, na lini. Stoo ya kanisa iliyojaa betri zisizo na pa kwenda ni shimo jingine lililo wazi.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Ellen G. White alipoandika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, alitenga sura nzima kwa ajili ya usafi wa Waisraeli. Soma pia Kumbukumbu la Torati 23:12–14, uone jinsi hata uchafu wa kawaida kabisa wa kambi ulivyopangiwa mahali, chombo na namna ya kufunikwa.

Sheria ya shimo ina neno la mwisho lisilotiliwa maanani. Aliyelipa fidia alimchukua mnyama aliyekufa. Mzoga ukawa wake. Torati haikumwachia aliyeumizwa kazi ya kuuondoa. Matokeo yalirudi kwa yule aliyeyaanzisha. Katika maisha ya leo mara nyingi ni kinyume chake. Faida inabaki kwa aliyetumia, na mzoga unabaki kwa mtu anayeishi karibu na dampo. Anayefunika shimo lake anakataa mgawanyo huo, hata kama hakuna atakayejua kwamba alilifunika.

Leo kabla jua halijazama, familia nyingi zitaisafisha nyumba tena. Kazi hiyo ni njema. Inakuwa njema zaidi pale usafi wa nyumba moja usipokuwa uchafu wa nyumba nyingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, asiyejua kwamba betri ina risasi anawajibika sawasawa na anayejua? Tumia Kutoka 21:28, 29. Je, kutokujua kunaweza kuwa kosa?

2. Mjane anahitaji fedha ya betri chakavu leo, na mnunuzi pekee anayefika kijijini hana kibali. Darasa lingemshauri nini? Darasa lenyewe lingebeba sehemu gani ya mzigo wake?

3. Katika eneo lenu, nani anafungua mifuko ya taka? Je, kuna yeyote darasani anayemfahamu kwa jina?

4. Ni taka zipi hatarishi zilizomo nyumbani mwenu sasa hivi? Mpangieni mtu mmoja aulize halmashauri zinapelekwa wapi, alete jibu Sabato ijayo.